Bastola Juu ya Kabati la Shaame

Shaame Haji, mzaliwa wa Mkoani, Pemba, anasoma Houston kwa viza ya mwanafunzi. Tasnifu yake inauliza nani hasa mwenye kauli juu ya bunduki za Texas: serikali ya shirikisho, jimbo, au mji. Msimamizi wake aliisifu kwa kutoegemea upande wowote, sifa ambayo kwa kawaida hupewa mtu asiyehusika.

Mwezi Aprili jirani yake wa chini pale mtaani Sharpstown, Swafwani wa Mombasa, dereva wa lori, alifiwa na mama. Alirudisha chumba kwa mwenye nyumba, akapanda ngazi na mkoba mweusi wenye kufuli.

"Niwekee amana, ndugu yangu. Nikirudi nitaujia."

Kwao amana haifunguliwi, wala aliyeileta haulizwi mna nini ndani. Shaame aliiweka juu ya kabati, akamwombea marehemu.

Siku ya tisa Swafwani alipiga simu.

"Ule mkoba, sheikh, usiuweke karibu na jiko."

"Kwani mna nini?"

"Si kitu. Ile bastola yangu ya safari. Risasi nimezitenga mbali, usiwe na wasiwasi."

"Swafwani! Mie nina viza ya kusoma!"

"Kwani bastola yasoma?"

Sheria ya shirikisho inamkataza mwenye viza kama hiyo kumiliki silaha hata kwa kumshikia mwenzake. Malipo yake ni jela, kisha kurudishwa kwao. Ila lazima ithibitishwe kwamba alijua anachokishika. Kwa hiyo siku nane Shaame alilala chini ya bastola akiwa mtu safi, na kilichomtia hatiani ni simu. Haya hakuambiwa na mwanasheria. Yamo katika sura ya tatu ya tasnifu yake.

Kuitupa mtoni ni hiyana. Kuipeleka polisi ni kujishtaki mwenyewe, na amana ingepotea vilevile. Zamani serikali za mitaa ziliweza kununua silaha kutoka kwa wakazi bila maswali mengi. Jimbo likazikataza, jambo ambalo Shaame aliliita, ukurasa wa sitini na moja, "mvutano wa kuvutia". Naye Swafwani hakuwa akirudi karibuni: matanga yalikwisha, ukaanza ugomvi wa shamba.

Akampigia Tasnim, dada yake Swafwani kwa baba, muuguzi wa Haltom City, kaskazini mwa Texas, mwenye ukaazi wa kudumu na kwa hiyo ruhusa ya sheria.

"Dada, njoo uuchukue."

"Siuchukui. Kakangu hakunipa mimi. Akija akiukosa, atamuuliza nani?"

"Basi mie nifungwe?"

"Nitakuja nikae nao. Hapo hapo ulipo. Lakini hautasogea."

Akaja Jumamosi na mswala wake na sufuria yake, maana hakuamini za mwanamume. Shaame akamkabidhi ufunguo wa nyumba, akahamia sebuleni kwa Majaliwa, mwanafunzi mwenzake, kule Sugar Land. Tasnim aliruhusiwa na sheria lakini si na amana. Shaame na amana lakini si na sheria. Wakiunganishwa wangetosha mtu mmoja.

Jumatano ya wiki ya pili alirudi kuchukua vitabu. Alisimama barazani, mbali na kizingiti.

"Ingia, baba, chai iko tayari."

"Hapa panatosha, dada."

"Nyumbani kwako?"

"Nipitishie tu hapo mlangoni."

Tasnim akamletea vitabu, akavipanga kimoja kimoja juu ya mkeka wa kufutia miguu. Vyote vilihusu haki ya raia kumiliki silaha. Kisha akajifuta mikono kwenye kanga.

"Kakangu asema shamba bado. Labda Agosti."

"Agosti?"

"Nami likizo yangu yaisha Ijumaa. Wagonjwa wanangoja." Alitoa ufunguo mfukoni, akamnyoshea. "Haya, huu nimpe nani?"

Shaame aliutazama. Hakunyosha mkono.