Mafundo Juu ya Gari

Niseme aibu yangu kwanza: mutumbwi yetu ilipotea sababu nilifunga muzuri sana.

Leo rafiki yangu alikuwa anakata mipira ya ndani ya kinga, ni kusema baiskeli, harufu ikanirudisha ile siku ya kukimbia vita. Baba alivunja kitanda, tukapigilia mbao zake kuwa kitako juu ya gari yetu, mimi nikafunga mutumbwi pale na mipira kama ile, ili mama na mimba yake avuke muto mbele ya vita kufika.

Njiani askari mumoja akatusimamisha, alitaka gari tu. «Toa mutumbwi, mbio!»

Baba akavuta, fundo ikakataa. «Nipe kisu, chef, mukubwa wetu.»

Askari akacheka, akaenda na vyote, gari na mutumbwi. Tukabakia upande wa risasi.

Namusimulia rafiki nikicheka, roho inaniwaka. Yeye hakucheka.

«Weye ulifunga muzuri. Mubaya njo ule askari alinyima baba yako kisu. Mukasirikie yeye!»