Nhuche Ratna, Mpaka Dhahabu wa Patan

Nhuche Ratna alipaka sanamu dhahabu, kama baba yake na babu yake, katika uchochoro mmoja wa mji wa kale wa Patan. Wengine walichonga nta, wengine wakayeyusha shaba. Kwake sanamu zilifika mwisho, nyekundu kama kidonda kibichi, naye akazivika nuru. Dhahabu husagwa na zebaki hadi iwe uji, uji hupakwa kwenye shaba, kisha moto huifukuza zebaki ikawa mvuke. Inakofukuziwa, hakuna aliyeuliza. Mkewe, Asta Maya, mchochea mkaa wake, alikufa akiwa na miaka arobaini na mmoja, kinywani hana jino, jina la bintiye amelisahau.

Kisha mikono ya Nhuche nayo ikaanza kutetemeka. Kikombe cha chai kilimfikia mdomoni nusu tupu. Mwaka huohuo Bekha, mwenye karakana, akamletea Tara mkubwa, sanamu ya mungu wa kike wa rehema, kimo cha mtoto wa miaka kumi, aliyeagizwa na watawa wa milimani.

"Baba, kaa hapo mlangoni uniongoze," alisema Rasmila, binti wa Nhuche. "Nitapaka mimi."

Angeweza kukataa. Hakukataa. Alitamani mno kumwona Tara huyo akikamilika.

Binti alikuwa na mkono mtulivu kuliko wake. Siku moja, akipaka magoti, akauliza kwa nini mguu wa kulia umeshushwa.

"Huyu amekaa, lakini yu tayari kuinuka," Nhuche alisema. "Na kiganja kile kilicho wazi kinatoa. Ukimwita, hakwambii njoo kesho."

"Mama alimwita," Rasmila akajibu bila kugeuka. "Mwezi mzima. Nilimsikia."



Wiki ya tatu, Rasmila alitema chai yake. "Leo chai imetiwa nini? Kama nanyonya sarafu."

Ugonjwa wa Asta Maya ulianza na maneno hayohayo. Nhuche aliinuka, akazima mkaa kwa birika zima la maji, akafungia bakuli la uji wa dhahabu sandukuni. Dhahabu ilikuwa imefika kifuani mwa Tara. Uso ulibaki shaba tupu.

Bekha alikuja mbio. "Kaka, umerukwa na akili? Watawa wanafika Jumamosi!"

"Mpe mwingine."

"Mwingine yupi? Na huyo si ana watoto?"

"Najua," Nhuche alisema. "Mchukue."

Watu wa Bekha wakambeba Tara hadi kwa mpaka dhahabu wa nyumba ya tatu kutoka pale, na alasiri hiyohiyo moshi ukapanda kutoka paa la jirani. Jirani huyo alikuwa na wana wawili. Nhuche alifunga dirisha, akajichukia kwa kulifunga.

 Siku ya kumi Rasmila akasema, "Ile ndiyo kazi pekee niliyowahi kuiweza." Kisha akaenda kushona shali dukani.

Majira ya baridi Nhuche hakuweza tena kushika kijiko. Rasmila alimlisha wali uliolainishwa, akimfuta kidevu. Kila jioni Nhuche alimuuliza kuhusu vipimo vya damu alivyofanyiwa hospitalini.

"Damu yangu ni safi, Baba. Daktari alicheka, akaniambia nisimpotezee muda."

Daktari hakuwa amecheka. Karatasi yake ya majibu, iliyotaja zebaki, ilikuwa imekunjwa chini ya godoro la binti. Nhuche alifariki mwezi wa Magh, baridi ikiwa bado kali, akiamini amemwahi bintiye.