Tope la Ugenini

Siku niliyompeleka mama yangu kwenye maji ya moto naikumbuka vizuri, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu. Nakusimulia leo kwa kuwa kesho kutwa unapanda basi kwenda kufanya kazi bara, na tangu juzi nakusikia ukisema kila kitu unakijua. Usinune. Mimi nilikuwa hivyohivyo, tena nilikuzidi.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, Mwanajuma wa kijiji cha Kilelengwani, na sifa yangu ilikuwa kulijua tope. Wewe umekulia mjini Garsen, huenda hujui maana yake. Mto Tana ukifurika, kisha maji yakaanza kushuka, mashamba hubaki tope tupu. Ukiingia mapema unazama hadi mapajani, ukichelewa udongo umekauka na mpunga hauoti. Lazima awepo mtu wa kupima, na mtu huyo nilikuwa mimi. Nikiona udongo umepauka juu na kuatuka nyufa, nakanyaga kwa kisigino mara mbili, nasikiliza, kisha nawaambia wenzangu, "Ingieni." Wanawake walionizidi umri walikuwa wakiningoja mimi niseme. Mpe msichana sifa kama hizo uone kichwa kitakavyovimba.

Ilikuwa miaka ya hamsini, siku za Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikimkagua kila msafiri. Magoti ya mama yalikuwa yamevimba mwaka wa pili. Hakuweza kuchutama kupanda mpunga, na alisali akiwa amekaa juu ya kigoda. Kila alipoinuka nilimsikia akivuta pumzi kwa meno. Baba alikuwa ameshafariki na mimi ndiye mtoto wake wa pekee, na niliogopa, nasema wazi, niliogopa kwamba siku moja hatainuka tena.

Rafiki yake marehemu baba, Mzee Hersi, Msomali mwenye duka Garsen, ndiye aliyeleta habari. Alikuwa akienda na lori lake Bonde la Ufa kununua mbuzi.

"Kule maji nachemka yenyewe, wallahi, hakuna kuni, hakuna moto," alimwambia mama. "Wazee nakaa ndani, magoti nalainika. Mimi naona kwa macho yangu."

Mama alicheka, akasema Hersi amezidisha chumvi. Lakini mimi nilishakamata neno hilo, sikumpa usingizi hadi akakubali.

Safari ilituchukua siku nne. Njia za bara zilikuwa na vizuizi vya askari, na kila kizuizi tulishuka tukasimama juani huku Mzee Hersi akionyesha karatasi zake. Mama alishuka na kupanda, kushuka na kupanda, na kila mara ilikuwa mateso. Nilianza kujiuliza kama ninampeleka akapone au ninammaliza njiani.

Halafu nchi yenyewe ikanitia hofu. Kwetu, mwanangu, huwezi kupata hata jiwe la kumrushia kunguru. Kule palikuwa mawe matupu, meusi, yenye vitundu kama kitumbua, na Mzee Hersi akatuambia kwamba zamani mawe hayo yalitoka ndani ya mlima yakiwa moto. Barabara iliisha ukingoni mwa genge. Tulishuka kwa miguu kando ya maporomoko ya maji baridi, na mimi ambaye maji niliyoyajua yanatambaa tu kwenda baharini, nilikuwa nayaona kwa mara ya kwanza yakijitupa chini kwa kelele hata huwezi kusikilizana na mtu aliye karibu yako. Nilimshika mama kiuno.

Mzee Hersi alibaki juu na lori. Aliyetuongoza alikuwa Jebet, mama wa makamo wa huko, mfugaji aliyekuwa akimuuzia mbuzi. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini maneno aliyokuwa nayo yalitosha.

Tulipofika bondeni nilisimama nikasahau kufunga mdomo. Moshi ulikuwa ukitoka ardhini kila upande. Mashimo yalikuwa yakitokota, na mengine yalinyamaza kidogo kisha yakarusha maji juu kuliko paa la nyumba, yakimwagika kwa mvuke na harufu ya mayai mabovu. Njia ya mbuzi ilizunguka mbali sana katikati ya hayo yote, na mwisho wake, ng'ambo, kulikuwa na kijito ambacho maji ya moto yalichanganyika na baridi. Hapo ndipo wagonjwa walipokuwa wakioga.

Mama alikuwa ameishiwa nguvu. Jebet akamkalisha juu ya jiwe, akasema atarudi juu kuchukua mkeka na maji ya kunywa tuliyoyasahau kwenye lori.

"Ngoja hapa," akaniambia, akinioneshea kidole. "Hapana enda. Mimi narudi, sisi nafuata mguu ya mbuzi. Mbuzi najua."

Tukangoja. Jua lilikuwa kali, mvuke ukitupiga usoni, na kila shimo liliporusha maji mama alishtuka, na kila aliposhtuka magoti yalimuuma. Midomo yake ilikauka. Nikaanza kuhesabu pumzi zake. Jebet harudi. Nikawaza, akizimia hapa nitafanya nini, nitamwita nani?

Ndipo nikatazama ng'ambo. Kile kijito hakikuwa mbali kwa kukata moja kwa moja, hatua hamsini tu, na kati yetu palikuwa na uwanja wa udongo uliopauka, mkavu, ulioatuka nyufa nzuri kama shamba la Kilelengwani siku ya kupanda. Sikuhitaji kuambiwa. Nililijua tope lile, au niliamini nalijua.

"Mama, inuka twende. Pale ni karibu."

"Si tumeambiwa tungoje?"

"Yule anajua mbuzi. Mimi najua tope."

"Mwanajuma, tungoje."

Nilishamwinua. Nilikanyaga kwa kisigino mara mbili, nikasikiliza. Palikuwa pagumu. Nikamshika mkono wa kushoto, yeye mkono wa kulia ana mkongojo wake, tukaanza. Hatua ya tano, ya kumi, ya kumi na tano. Nikawa nimeanza kujisifu moyoni. Kisha nikahisi ardhi inaunguruma chini ya nyayo, nayo ina joto, na mlio wa visigino vyangu umekuwa wa kitu kitupu ndani. Kwetu tope linakauka kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo nyufa zikiwepo juu, chini nako kunakaribia kukauka. Lile la kule lilikuwa gamba tu juu ya maji yanayochemka. Nilielewa nikiwa nimechelewa.

Mkongojo wa mama ulizama kwanza. Aliuegemea, na mguu wake wa kulia ukaufuata, ukatoboa gamba na kuingia hadi chini ya goti. Sauti aliyoitoa sitakuigizia. Nilimvuta, tukaanguka pamoja kwa nyuma, na ardhi ikatikisika ila ikatubeba. Nilipotaka kuinuka nikaona nyufa kila upande, nyufa zilezile nilizozipenda, na sikujua pa kuweka hata kidole. Niliita, "Mama Jebet! Mama Jebet!" bila kukoma.

Jebet akatokea njiani, akatupa mkeka. Hakutukimbilia, na sasa naelewa kwa nini. Alisimama mwisho wa mawe akapaza sauti.

"Hapana simama! Lala! Lala tumbo! Rudi kwa mguu yako mwenyewe, pole pole!"

Tulirudi kwa kutambaa juu ya nyayo zetu wenyewe, mwanangu. Mama yangu, aliyekuwa hawezi kupiga goti mbele ya Mola wake, alitambaa juu ya magoti yale yale kwenye gamba lenye moto, mguu mmoja ngozi inamning'inia, na mimi nyuma yake sithubutu hata kumsukuma nisije nikaongeza uzito. Kila alipotua goti niliona uso wake unavyojikunja. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, hadi tukafika kwenye mawe.

Jebet alimbeba mama mgongoni mpaka kwenye maporomoko, akauweka mguu chini ya maji baridi, tukakaa hapo hadi jua likageuka. Kisha akaniambia kijito hakifai tena, maana mtu mwenye kidonda hawezi kuingia. Tulikuwa tumesafiri siku nne, na tukaondoka bila mama kulowesha magoti yake.

Ndani ya lori nilimwomba msamaha, naye akasema, "Nilikwambia tungoje. Hukunisikia kwa kuwa ulikuwa na haraka ya kunisaidia." Hakurudia tena maneno hayo maisha yake yote.

Mguu ulipona kwa kukunjamana, na tangu hapo alitembelea mikongojo miwili. Watu wa Kilelengwani walipomuuliza, aliwajibu bila kusita, "Niliteleza. Mwanajuma alinikataza, mimi nikashika yangu." Alisema hivyo mbele yangu, wanawake wakanisifu kwa kumwokoa, na mimi nikanyamaza. Mafuriko yaliyofuata waliniita nipime shamba, nikapima. Mama alifariki akiwa amebeba kosa langu, na wewe ndiye mtu wa kwanza kulisikia kutoka kinywani mwangu.

Sasa nisikilize. Sikuambii usijue. Unayoyajua uliyasomea na ni yako. Lakini ujuzi wako umeupata mahali, na kuna mahali hauna kazi, hata kama macho yanakwambia ni palepale. Ukifika kwa watu, muulize aliyezaliwa pale, hata kama Kiswahili chake kinakuchekesha, hata kama anachunga mbuzi. Akikwambia ngoja, ngoja, na ukiona huwezi kungoja kwa sababu unampenda mtu na unamwogopea, basi ngoja zaidi, kwa maana hapo ndipo mimi nilipoharibu. Na ukikosea, kosa lako liseme mwenyewe mapema, kabla anayekupenda hajalichukua akaondoka nalo.

Nenda, mwanangu. Mola akupe wa kukuonyesha njia kila ugenini utakapofika, akupe na sikio la kumsikia. Akurudishe kwetu mzima, miguu yote miwili, na amsamehe mama yangu uwongo ule, kwa maana ulikuwa wangu.