Laini Moja ya Umeme Kambini

Sisi tuliokulia Kalemie enzi za Zaire, katika kambi ya watu wa reli, tunazikumbuka zile nyumba zilizoshikana ukuta kwa ukuta, zote zikitumia umeme, tuliouita kuran, wa laini moja. Waliozijenga walifikiria balbu na redio tu. Kisha zikaja pasi, zikaja resho za kupikia, na jirani yetu Papa Mwamba akamletea mkewe, Mama Ngoya, frigo ya kuuzia maji ya baridi. Watoto tulisukumana mlangoni kwake tukigombea vipande vya barafu.

Lakini tangu hapo, saa ya kupika bukari na ndakala, yaani ugali na dagaa, balbu zilififia zikawa nyekundu, halafu giza.

"Muzime frigo!" baba alipiga kelele ukutani.

"Na ninyi muzime resho!" Mama Ngoya alijibu.

Baba na Papa Mwamba, waliokuwa wakienda kazini pamoja, wakaacha kusalimiana. Mwishowe mtu fulani, hatukumjua nani, akaitoa fizibo, ile fyuzi iliyokuwa ikikatika mzigo ukizidi, akaweka waya mnene mahali pake. Umeme haukukatika tena. Tukafurahi wote.

Jumapili moja baada ya misa, resho zikiwaka kila nyumba, nyaya zilishika moto darini kwa Papa Mwamba. Koko Eliza, mama yake Mama Ngoya, aliyekuwa haoni, alikuwa amelala ndani. Baba alijifunika blanketi lililoloa maji, akaingia, akatoka naye mgongoni. Alikuwa hai, ila moshi ulikuwa umemwingia sana. Hakumaliza juma.

Matangani, Mama Ngoya alilia, "Frigo yangu njo iliua mama."

Baba, mkono mmoja umefungwa bandeji, akaketi mkekani karibu na Papa Mwamba. "Hapana, Mama. Hii kuran tulivuta sisi wote."

Papa Mwamba akamshika ule mkono mzima.

Baada ya hapo tulirudia kupikia makala, mkaa wetu wa zamani. Resho aliachiwa mwenye mgonjwa au mtoto mchanga, na hakuna aliyenung'unika.

Juzijuzi nilipita kambini. Kila paa lina paneli yake ya sola. Vijana wanachaji simu, kupuliza makala hawajui. Ni heri, moto ule sitaki mtoto yeyote auone. Nilimuuliza kijana anayeishi katika nyumba yetu jirani yake ni nani. Akatoa kisikizio sikioni, akafikiri.

"Sijue, Mama. Ule iko na kuran yake."

Enzi zetu, tulijua kila nyumba inamlilia nani.