Ratili za Bibi

Wasomaji wangu, aibu hii ni kubwa mno kwangu peke yangu, nisaidieni kuibeba. Tangu nipate cheti cha masomo ya jioni na kuajiriwa duka la dawa hapa Bondeni, kichwa changu hakipiti mlangoni.

Juzi asubuhi bibi mmoja alimleta mjukuu mwenye homa.

“Mwanangu, yuwawaka moto huyu. Yuna ratili ishirini na mbili.”

Nilidhani wazee wa Mombasa huiita kilo ratili. Nikazidisha, nikagawanya, nikapata karibu mililita kumi na nne za dawa ya homa. Kikokotoo kilitaka kunipigia saluti! Nikaandika kwenye chupa.

Bi Shirin, mfamasia wetu, haruhusu chupa kutoka kabla hajairudia hesabu. Alisoma karatasi yangu, akamtazama mtoto, kisha akanipa nimpakate.

“Huyu ni kilo ishirini na mbili, profesa?”

Wallahi, alikuwa mwepesi kama hamri, andazi lililoumuka!

“Bibi kasema ratili…”

Bi Shirin akamweka mtoto kwenye mizani: kilo kumi.

“Ratili mbili na kidogo ndizo kilo moja. Dawa yake ni mililita sita na robo. Wewe ulitaka kumpa zaidi ya mara mbili.”

Kosa lile alikuwa ameliona kwa jicho tu, kabla tone moja halijamfika mtoto mdomoni! Nilimtazama kama watu wautazamavyo mwezi wa Idi.

Bibi akamchukua mjukuu wake, akanikagua toka kichwani hadi viatuni.

“Mwanangu, skuli gani hiyo isiyofunza ratili?”