Namba Saba na Kibuyu Kimoja: Fundi Owiti wa Boito

Kila kilichoandikwa hapa ni kweli, toka boneti hadi bomba la moshi. Atakayepata uongo humu, hata wa ukubwa wa chawa, mwandishi ataununulia umati wote wa gereji chai na chapati.

Saa kumi na mbili asubuhi. Ukungu umelalia mashamba ya chai ya Boito, mzito kiasi kwamba ukinyoosha mkono huuoni mpaka uurudishe. Fundi Owiti, mwenye umri wa miaka sitini na mmoja, amepiga magoti mbele ya stesheni wagoni iliyotembea kilomita laki nne na themanini elfu. Jana jioni ililetwa hapa ikivutwa na trekta.

Nyuma ya gari, juu ya godoro, amelala mwenye gari, Kiptanui, mkulima wa chai, blanketi hadi kidevuni. Figo zake zimekufa. Kila Jumanne na Ijumaa, saa tatu asubuhi, lazima awe hospitalini mjini Kericho asafishwe damu kwa mashine. Leo ni Ijumaa.

"Jumanne alikosa," anasema mkewe, Janeffer, ambaye ndiye dereva. "Gari ilizimika hapo tu kwa mteremko. Sasa fundi, akikosa na leo..."

Magari ya kukodi waliyakodi hadi mfuko ukatoboka. Kiptanui hawezi kuketi wima safari nzima, na si kila mwenye gari hukubali kubeba mgonjwa na godoro lake.

Owiti anachomeka skana yake kuukuu chini ya usukani. Inatema namba saba za hitilafu. Kila namba inataja kiungo kinachougua: sensa ya hewa, sensa ya oksijeni, mafuta, gia, na vingine vitatu.

Mafundi wanne kabla yake walizisoma namba hizo kama orodha ya sokoni. Kila waliponunua kifaa kimoja, taa ya injini ilizima mwezi mmoja, kisha ikarudi. Ng'ombe wa mwisho wa maziwa aliyekuwa kwa Kiptanui aliuzwa ili sensa mbili zinunuliwe.

Owiti hakusomea kazi hii. Wazazi wake walitoka kandokando ya ziwa wakaja kuchuma chai, naye akafanya kazi miaka ishirini na minne kiwandani, karibu na mashine za kukausha majani. Mashine zile zilimpa ufundi, zikamnyang'anya nusu ya masikio. Watu walipopunguzwa kazini, alifungua gereji ya mabati manne. Siku njema hupata shilingi elfu moja na mia mbili. Mvua ikinyesha wiki nzima, hupata matope.

"Mashahidi saba wakikuja siku moja na hadithi moja," anasema, "usiwashike wote. Tafuta aliyewatuma."

Anaiweka skana kando na kuchukua mita ya umeme. Waya mmoja wa mita anaushikisha kwenye kichwa hasi cha betri, mwingine kwenye chuma cha injini, kisha anamwambia Janeffer apige stata. Mita ilipaswa kusoma karibu sufuri. Inasoma karibu volti mbili.

Umeme unatoka nyumbani, hauna njia ya kurudi. Sensa zote zinaongopa kwa sababu hiyo moja.

Anaufuata waya wa athi, ule unaorudisha umeme kwenye betri, mpaka chini kabisa unapofungwa kwenye bodi. Bolti imeliwa. Imeota unga wa kijani kama kuvu ya jiwe la mtoni. Owiti anausugua kwa kidole, ananusa, kisha, na hapa wengi hawataamini, analamba. Anafumba macho kama mwonja chai wa mnadani.

"Janeffer," anauliza polepole, "nani humwaga mursik kwa hii injini?"

Jibu linatoka kwenye godoro. "Ni mama."

Mama yake Kiptanui, Kogo, yaani Bibi, Chepkurui, ana miaka themanini na mitatu. Kila mara gari lilipotoka kwa fundi, aliomba boneti ifunguliwe, akachukua kibuyu cha mursik, maziwa yale ya mgando yenye harufu ya mkaa, akanyunyizia injini kama anavyobarikiwa msafiri. Ng'ombe alipouzwa, alizunguka kwa majirani akiomba maziwa, baraka isikatike. Fundi alitengeneza, kibuyu kikafuata, na uchachu ukaendelea kutafuna bolti.

"Usimwambie, fundi," anasema Kiptanui. "Ataona ni yeye ananiua."

Owiti anapiga msasa, anafunga waya mpya aliouchomoa kwenye trekta mfu, anafuta namba zote. Injini inawaka. Namba sita hazirudi. Ya saba, sensa ya oksijeni, ilikuwa mgonjwa kweli, lakini hiyo inaweza kungoja.

Gari lilifika Kericho saa tatu kasorobo. Kiptanui akapata saa zake nne za mashine, akarudi ameketi, akiimba wimbo wa kanisani.

Jumapili, Owiti alimtembelea Kogo. Alimweleza kuwa magari ya aina hii hupokea baraka kupitia gurudumu. Kogo alifikiri, akauliza gurudumu lipi. "La nyuma, kushoto," akasema Owiti, akichagua lililo mbali zaidi na betri.

Makala yalikuwa yaishie hapo. Lakini Owiti alitaka asomewe kwanza, na Janeffer ndiye aliyesoma, gereji nzima ikisikiliza. Ukungu wa kuficha mkono waliupitisha. Kwenye kulamba, Owiti alimwinulia mwandishi mkono.

"Mzee, mimi nilinusa. Kulamba ni wewe."

Watu walicheka. Janeffer aliendelea hadi pale palipoandikwa saa tatu kasorobo, akaikunja karatasi.

"Tulifika saa nne na nusu," alisema. "Mashine ilikuwa imepewa mwingine. Kiptanui alilala kwa benchi hadi jioni, akapewa masaa mawili. Hakuimba."

Tangu Ijumaa ile Kiptanui hajafika kwenye lango lake kwa miguu.

Sasa kila Jumatatu na Alhamisi jioni Owiti hupanda kilima na mita yake kuupima ule waya. Ana mpango wa kuipata ile sensa ya oksijeni kutoka gari lililokufa huko Mulot, na anatumaini itafika kabla ya mvua kubwa.

Palepale gereji, mwandishi alijitetea kwamba hata fundi alimdanganya Kogo kuhusu gurudumu.

"Ule uongo ni wangu, nitaujibia," Owiti alisema. "Huu ni wako. Tuko watu tisa."

Chai iliyoahidiwa ililetwa, na chapati kumi. Ya kumi Janeffer aliifunga kwenye karatasi ampelekee mumewe. Chai hakumbebea, maana Kiptanui hupimiwa hata maji ya kunywa.