Bustani Iliyofagiwa Giakanja

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino. Upuzi gani huo! Nilikuwa nimetoka chuo cha kilimo na cheti ambacho hata wino haujakauka, nikaripoti ofisini Nyeri, na Afisa wa Kilimo wa Wilaya akanitazama kuanzia miguuni na kuishia hapo hapo miguuni. "Binti," akaniambia, "mkulima ataangalia viatu yako kwanza, halafu ndio akusikize. Enda ununue gambuti." Nilizinunua hizo buti za mpira kabla ya saa sita. Nimestaafu nikiwa na pea ya saba.

Kazi yetu iliitwa ugani, yaani kumtembelea mkulima kwake na kumwonyesha jambo kwa mikono, si kwa mdomo tu. Nyinyi siku hizi mnauliza simu, nayo haina matope. Kituo changu cha kwanza kilikuwa Tetu, chini ya Msimamizi wa Tarafa aliyependa udongo mtupu kuliko chakula. "Shamba safi ni mmea na udongo, basi," alikuwa akisema. "Ukiona kitu ingine, andika jina ya mwenyewe." Nami niliandika! Nilipita boma kwa boma nikiwafokea wanawake wa umri wa mama yangu wang'oe managu na terere, mboga za kienyeji, eti ni magugu, na wafagie kila jani kavu. Tulifanya mashindano ya shamba safi, na mshindi alipewa jembe jipya. Waliniogopa sana, na mimi nikadhani hiyo ndiyo heshima.

Baadaye nilihamishiwa Othaya, kisha Nanyuki, ambako wauza mifugo walinifundisha kutambua samadi iliyoiva kwa kuinusa. Ikikuchoma pua, itachoma na miche. Ikinuka kama udongo baada ya mvua, mwaga shambani. Huko Nanyuki ndiko nilikosomeshwa upya, katika kozi ya kilimo hai, kile kisichotumia dawa wala mbolea za dukani. Nilikaa kwenye benchi nikisikia kwamba karibu yote niliyowapigia kelele watu wa Tetu yalikuwa kinyume. Nilitoka jasho, na Nanyuki ni baridi.

Basi nikarudishwa Tetu, safari hii Giakanja, kufundisha kikundi cha wanawake ishirini. Mwanafunzi wangu mkuu alikuwa Mama Nyambura, fundi wa cherehani aliyeshona mjini Nyeri maisha yake yote, akarudi nyumbani macho yalipochoka. Hakuwahi kupanda hata kitunguu. "Madam," aliniambia, "mimi naweza kukushonea suti bila kukupima, lakini hii mchanga inanicheka."

Nikamwanzishia figili, kwa sababu huota upesi, na mwanafunzi mpya huhitaji kuona kitu kabla hajakata tamaa. Halafu dania: ile punje ni mbegu mbili zilizoshikana, kwa hivyo unaisugua kwa kiganja igawanyike ndipo unapanda. Vitunguu vya majani alivipata bure, kwa kuchomeka udongoni vile vishina vyenye mizizi anavyovitupa jikoni. Mnanaa nikamwambia aufunge kwenye karai lililotoboka, maana ukiuachia uhuru utaingia mpaka chumba cha kulala. Sukuma wiki na spinachi unachuma majani ya chini, unauacha moyo wa mmea uendelee. Na managu na terere, jamani, havihitaji hata kupandwa, vinajiotea vyenyewe. Unachuma tu ncha, vinachipuka tena.

Juu ya yote tukaweka matandazo, yaani nyasi kavu zinazofunika udongo ili jua lisinywe maji. Mama Nyambura alizitandaza kwa shingo upande. "Watu watasema nimeshindwa kufagia," akanung'unika.

Basi Mkurugenzi wa Kilimo wa Kaunti akatangaza kwamba atakuja. Kiangazi kilikuwa kimekaza, na wanawake wale walikuwa wakiteka maji bondeni na kupanda nayo mgongoni. Neno lilikuwa moja: akiikuta bustani ya Mama Nyambura iko hai, kikundi kitapata tangi kubwa la maji. Akiikuta imekufa, tangi litapelekwa kwingine.

Siku yenyewe nilifika mapema. Haiya! Bustani ilikuwa imefagiwa ikang'aa. Nyasi zote walikuwa wamempa ng'ombe tangu juzi yake, managu yote yaling'olewa, na jua la siku mbili lilikuwa limeilaza sukuma wiki chini kama masikio ya mbuzi mgonjwa.

"Mmefanya nini?" nikapiga ukelele.

"Si mgeni anakuja?" Mama Nyambura akajibu, ufagio ungali mkononi. "Ati tumkaribishe kwa takataka?"

Mwenyekiti wa kikundi, mama mtu mzima asiyecheka ovyo, akanitazama usoni. "Na si ni wewe ulikuwa unasema hivyo? Mama mkwe wangu alinyimwa jembe na wewe kwa sababu ya managu mawili."

Gari la Mkurugenzi likaingia.

Akatoka, akaitazama bustani. "Madam, ni nini ilifanyika hapa?"

Nitawaambia ukweli. Uongo ulinijia ukiwa umepikwa tayari: kwamba ni wadudu, au kwamba wakulima hawa hawafuati maagizo. Angeniamini mimi. Mama Nyambura aliinamisha kichwa, akingoja nimtupie lawama. Nikasema, "Mkurugenzi, kosa ni langu. Niliwafundisha kufagia miaka mingi kuliko niliyowafundisha kutandaza. Hawa wamekukaribisha kwa adabu niliyowapa mimi."

Akaguna, akaanza kuzunguka nyumba, sisi nyuma yake kama watu wanaokwenda kuzika. Nyuma ya jiko akasimama ghafla. Palikuwa na kijisehemu cha sukuma wiki kilichojaa nyasi kavu, managu yamechomoza katikati, yote mabichi, yanameta.

"Na hapa?"

"Hapo hatukufagia," akasema Mama Nyambura kwa aibu. "Hapo mgeni hafikangi."

Mkurugenzi akachuchumaa, akachomeka kidole chini ya nyasi. Kilitoka na udongo wenye maji. Akarudi mbele, akachomeka kingine. Kilitoka na vumbi. Akaviinua vidole vyote viwili mbele ya macho yake, akaanza kucheka mpaka kofia ikaanguka. "Kila mahali naonyeshwa bustani mzuri," akasema. "Hakuna mtu amewahi kunionyesha mzuri na mbaya kwa boma moja, jua moja. Tangi mtapata. Lakini hii mbaya msiiguse wiki mbili, wengine waje waone."

"Wiki mbili!" Mama Nyambura akaruka. "Wuui, nitaweka uso wapi?"

Wakaja watu wa Tetu yote, na siku ya tatu Mama Nyambura alikuwa ameshasahau aibu, anawachomekesha vidole huku na huku, akiwafokea wasiokubali. Tangi likaja. Bonde likabaki la ng'ombe.

Siku ya kuniaga nilipostaafu, ofisi ilinipa saa ya ukutani na hotuba ndefu. Kikundi kiliniletea kikapu cha managu, na mwenyekiti, yule asiyecheka ovyo, akasimama kusema maneno machache. "Maofisa wengi walitukosea hapa Tetu," akasema. "Wote walihamishwa wakaenda. Ni huyu peke yake alirudi kutuambia alikosea."

Nililia mbele ya watu, wala sikujali nani ananiona.